Laptopu ya zamani na apdeti zisizopiga hodi: namna ya kuzipangia siku

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, mwalimu mstaafu aliingia dukani kwangu, laptopu kaikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hii kitu imeniganda tangu alfajiri, na nina barua inatakiwa mahakamani saa sita."

Nikaifungua juu ya meza. Feni inalia, kiduara kinazunguka, ukibofya kitu unahesabu mpaka ishirini ndipo kifunguke. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, likaja dirisha la “Task Manager”. Safu ya “Disk” ilisoma asilimia 100 na haikushuka. Juu kabisa ya orodha amekaa “Windows Modules Installer Worker”, yule kibarua wa Windows anayefunga apdeti, yaani anayeingiza marekebisho mapya kwenye mashine. Kumbe mashine ilikuwa imelala kabatini miezi mitatu. Siku inayotakiwa kwa haraka ndiyo siku iliyoamua kula viporo vyote vya miezi mitatu kwa mkupuo.

Barua tuliihamisha kwa flashi tukaichapa kwenye mashine yangu, mwalimu akaiwahi mahakama. Aliporudi akaniambia neno ambalo nalisikia kila wiki: "Zima kabisa hizi apdeti, zinanitesa."

Sikuzizima. Nilizipangia siku, na hapa naeleza nilivyofanya. Mimi ni mchapaji wa steshenari, si fundi. Laptopu yangu ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na diski ya ile aina ya zamani inayozunguka, kwa hiyo haya nayatumia mwenyewe kila mwezi. Nimeandika kwa ajili ya Windows 10, maana ndiyo iliyomo kwenye nyingi ya mashine za mtumba zinazopita mikononi mwangu.

Kwa nini nisizime, na kwa nini nisipokee papo hapo

Machi 14, 2017 Microsoft walitoa kiraka cha kuziba tundu moja la Windows. Mei 12 mwaka huohuo, siku 59 baadaye, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita kwenye tundu hilohilo, kikafunga mafaili ya watu na kudai pesa ndipo kiyafungue. Nchi zaidi ya 100 ziliguswa. Uingereza, hospitali za umma zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Aliyekuwa ameshaweka kile kiraka cha Machi, tundu lake lilikuwa limezibwa.

Ukiishia hapo utasema kila apdeti ipokelewe mara itokapo. Sasa tazama upande wa pili. Oktoba 2, 2018 Microsoft walitoa toleo jipya la Windows 10, na haikupita wiki wakalisitisha, kwa kuwa baadhi ya waliolipokea walikuta nyaraka zao zimefutika. Lilirudi Novemba 13.

Kwa hiyo miezi miwili ni kuchelewa mno, na siku ya kwanza ni pupa. Mimi nasubiri siku kumi na moja. Apdeti kubwa za mwezi hutoka Jumanne ya pili ya mwezi. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki ni saa mbili au saa tatu usiku, kutegemea Wamarekani wamesogeza saa zao au la. Ukihesabu siku kumi na moja kutoka Jumanne hiyo unaangukia Jumamosi. Jumanne ya pili daima iko kati ya tarehe 8 na 14, kwa hiyo Jumamosi yako daima itakuwa kati ya tarehe 19 na 25. Ni moja tu kila mwezi, huwezi kuikosea.

Hatua ya kwanza: ijue mashine uliyonayo

Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, andika winver, kisha Enter. Kitatokea kidirisha kinachotaja toleo. Unachotaka kuona ni Windows 10 na maneno “Version 22H2”. Hilo ndilo toleo la mwisho la Windows 10, hakuna jingine baada yake. Ukikuta namba ya chini, kama 1809 au 20H2, jua mashine yako ina deni, na kazi ya Jumamosi ya kwanza itakuwa ndefu.

Kisha hakikisha huduma yenyewe ya apdeti haikuzimwa na mtu kabla yako. Mashine za mtumba mara nyingi zimepitia kwa fundi aliyetaka kumfurahisha mteja kwa kuzima kila kitu. Windows na R tena, andika services.msc, shuka mpaka “Windows Update”, ibofye mara mbili. Penye “Startup type” pakiandika “Disabled”, badilisha iwe “Manual”, bofya OK. “Manual” ndiyo hali yake ya kawaida, usiogope.

Kama fundi alikuwekea Windows ya kuchakachua, yenye kiprogramu cha kuifungua bila leseni, mwongozo huu utakusaidia nusu tu. Viprogramu hivyo vyenyewe ndivyo mlango wa virusi, na apdeti haiwezi kukulinda na mgeni uliyemkaribisha ndani.

Hatua ya pili: andikisha Windows 10 iendelee kupata viraka

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025. Mashine haikuzimika siku hiyo, na wengi hawakujua kuwa kuna kitu kimebadilika. Ila tangu hapo viraka vya kila mwezi vinakwenda kwa waliojiandikisha tu, kwenye mpango unaoitwa “Extended Security Updates”, au ESU. Kwa watu wa kawaida, mpango huo uliwekwa ufike Oktoba 13, 2026.

Fungua “Settings”, ingia “Update & Security”, kaa kwenye “Windows Update”. Kama una 22H2 na mashine imeshapokea apdeti za karibuni, utaona kiungo cha “Enroll now”. Njia za kujiunga ni tatu: kukubali mipangilio ya mashine yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft, na hiyo ni bure; kutoa pointi 1,000 za Microsoft Rewards, mpango wao wa zawadi; au kulipa dola 30 za Marekani mara moja. Njia zote zinataka akaunti ya Microsoft, kwa hiyo andaa barua pepe unayoikumbuka nywila yake. Namaanisha unayoikumbuka kweli. Nimeshaona watu wakifungua akaunti kwa barua pepe iliyoundwa dakika ileile na kijana wa dukani, kesho hakuna anayejua nywila.

Je, kuhamia Windows 11? Tazama stika ya prosesa, au nenda “Settings”, “System”, “About”. Ukikuta kwa mfano i5-3320M, kwa vizazi vya pili hadi tisa tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndicho kizazi chake: hapa cha tatu. i5-8250U ni cha nane. Kwa upande wa Intel, Windows 11 kwa kawaida inaanzia kizazi cha nane, tena inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kuna watu wanailazimisha kwenye mashine za chini ya hapo. Kwa RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka, hata ikikubali hutaifurahia.

Hatua ya tatu: funga bomba la bando

Hapa ndipo palinitoa machozi, kwa hiyo nipe muda.

Windows ina mahali pa kuiambia kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, usiuchezee. Ukiwa umeunganishwa na waifai ya simu yako, nenda “Settings”, “Network & Internet”, “Wi-Fi”, bofya jina la mtandao uliounganishwa nao, shuka mpaka “Set as metered connection”, washa. Halafu rudi “Update & Security”, “Windows Update”, “Advanced options”, uhakikishe “Download updates over metered connections” imezimwa. Kuanzia hapo apdeti kubwa hazipakuliwi bila ruhusa yako. Vitu vidogovidogo vya lazima vinaweza kupenya, ila si vya kumaliza bando.

Niliyafanya hayo yote, nikajiona mjanja. Siku moja waifai ya simu ikawa inasumbua, nikachomeka simu kwenye laptopu kwa waya wa USB na kuendelea na kazi. Jioni nikaacha mashine inaskani vitabu vya mteja, nikaenda kupika. Kurudi, simu ina ujumbe: umetumia asilimia 75 ya bando lako. Sijakaa sawa, ukaja wa pili: asilimia 100. Bando la wiki nzima, na ilikuwa Jumanne.

Kosa lilikuwa langu. Simu ikiunganishwa kwa waya, Windows haioni waifai. Inaona mtandao wa waya, inauita “Ethernet”, na mtandao wa waya inauchukulia kama wa ofisini usio na mwisho. Kile kizuizi nilichoweka kwenye waifai hakikuhusika kabisa. Kwa hiyo chomeka simu kwa waya, washa ile “USB tethering” kwenye simu, kisha nenda “Network & Internet”, safari hii uingie “Ethernet”, bofya mtandao unaoonekana, washa “Set as metered connection” na hapo pia.

Kumbuka vilevile kwamba kizuizi kinafuata jina la mtandao. Ukibadili simu, au ukibadili jina la hotspoti, au shemeji akikuazima ya kwake, huo ni mtandao mpya kwa Windows na kizuizi hakipo. Nimejizoeza: nikiunganisha mtandao mpya, kabla ya kufungua kivinjari naenda kuweka kizuizi kwanza.

Ukitaka kujua nani amekula bando, ingia “Network & Internet”, “Status”, halafu “Data usage”. Kuna orodha ya siku 30 zilizopita, kila programu na ilichotumia. Ukimkuta “System” kakaa juu na GB kadhaa, mara nyingi mlaji ni apdeti. Ukikuta kivinjari, basi ni wewe na video zako.

Pembeni kidogo: ndani ya “Update & Security” kuna “Delivery Optimization”. Inaruhusu mashine yako kugawa vipande vya apdeti kwa kompyuta nyingine, na kama imewekwa kugawa mpaka nje kwenye intaneti, unawapakulia wenzako kwa bando lako. Zima “Allow downloads from other PCs”. Ila kama mna laptopu tatu nyumbani kwenye waifai moja, iache na uchague “PCs on my local network”, ili moja ikishapakua nyingine zichukue kwake. Hiyo inaokoa.

Hatua ya nne: saa za kazi

“Windows Update”, kisha “Change active hours”. Hapa unaiambia mashine saa ambazo isijiwashe upya yenyewe. Unaruhusiwa mpaka saa 18. Zima ile ya kujipangia yenyewe, weka zako. Mimi nimeweka 7 AM mpaka 11 PM.

Angalia tu kwamba hizo ni saa za Kizungu. Kijana mmoja wa chuo aliweka 2 AM mpaka 12 PM, akilini mwake ni saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Kwa mashine, kazi ilikuwa inaanza usiku wa manane na kwisha adhuhuri. Saa nane mchana, katikati ya ripoti ya mafunzo kwa vitendo, ikajiwasha upya. Akanijia analalamika kuwa saa za kazi hazifanyi kazi. Zilikuwa zinafanya, tena kwa utiifu.

Hatua ya tano: simamisha kwa siku 35

Kwenye ukurasa uleule wa “Windows Update” kuna “Pause updates for 7 days”. Ukiibofya mara moja unapata wiki. Ibofye tena na tena mpaka ikatae: mara tano, siku 35. Hapo ndipo mwisho, na ukifika mwisho Windows hairuhusu kusimamisha tena mpaka ipokee kwanza zilizopo.

Wengi wanaiona hiyo kuwa adhabu. Kwangu ndiyo kipimo chenyewe. Kutoka Jumamosi yako ya mwezi huu mpaka ya mwezi ujao ni siku 28 au 35, haizidi. Ukisimamisha kila mara baada ya kazi ya Jumamosi, unafika Jumamosi inayofuata bila apdeti kukuvamia katikati.

Jumamosi yenyewe

Mimi naanza saa nne usiku, duka limefungwa. Mwenye bando la usiku asubiri saa yake ianze.

Chomeka chaja na uiache. Betri ya laptopu ya miaka kumi mara nyingi ni pambo. Ukichomoa chaja inazima kabla hujasema lolote. Ya hivyo ichukulie kama kompyuta ya mezani: umeme ukikatika katikati ya kufunga apdeti, mashine inaweza kuamka mgonjwa. Mtaani kwetu umeme ukikatika mara moja jioni huwa unarudia, kwa hiyo jioni ya namna hiyo naahirisha mpaka Jumapili. Usisahau kutazama uniti za LUKU. Kuna mtu ziliisha usiku apdeti ikiwa asilimia 60, sitamtaja kwa sababu ni mume wangu.

Nakili kwenye flashi mafaili usiyoweza kuyapoteza. Si diski nzima. Folda ya kazi za mwezi huu na vyeti ulivyoskani vinatosha.

Kisha zima “Set as metered connection” kwenye mtandao unaoutumia, urudi “Windows Update”, ubofye “Resume updates”. Upakuaji unaanza palepale, kwa hiyo usibofye kabla hujawa na bando la kutosha. Kwa kawaida apdeti ya mwezi mmoja ni mamia ya MB. Mashine yenye deni la toleo zima inahitaji GB kadhaa, na hiyo bora uipeleke kwenye waifai ya ofisi au ya ndugu mwenye intaneti ya mwezi.

Usiguse “View optional updates” kama hakuna kinachokusumbua. Humo kuna madereva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa, na kwenye laptopu ya zamani dereva mpya wa kioo au wa waifai anaweza kuharibu kile ambacho dereva wa zamani alikuwa anakifanya vizuri. Printa inachapa? Iache.

Zikimaliza kujifunga utaombwa uwashe upya. Hapa chagua “Restart”, si “Shut down”. Windows 10 ikizimwa kwa njia ya kawaida mara nyingi haizimi kabisa. Inajihifadhi nusu usingizini ili kesho iamke haraka. “Restart” ndiyo inayoifunga yote na kuianza upya. Kwenye diski ya kuzunguka inaweza kuchukua saa nzima na zaidi. Nenda kalale.

Asubuhi bofya “Check for updates” mara moja zaidi, maana nyingine hujitokeza baada ya ya kwanza kuingia. Ikisema “You're up to date”, rudisha kizuizi cha mtandao, bofya “Pause” mara tano, basi mpaka mwezi ujao.

Kwa mtu kama mwalimu, ambaye mashine inakaa kabatini, Jumamosi hiyo ndiyo siku pekee ya lazima kuitoa. Hata kama huna kazi nayo, iwashe usiku huo.

Diski ikijaa

Apdeti inahitaji nafasi ya kufungulia mizigo. Mimi siruhusu nafasi tupu kwenye diski C ishuke chini ya GB 20. Ikishuka, nenda “Settings”, “System”, “Storage”, bofya “Temporary files”, usubiri ihesabu. Weka tiki kwenye “Windows Update Cleanup” na “Delivery Optimization Files”. Ukiona “Previous Windows installation(s)” na mashine imekuwa salama kwa wiki kadhaa, iweke tiki pia; hiyo peke yake hurudisha GB nyingi.

Ila kabla ya kubofya “Remove files”, soma orodha yote kwa kidole. Humohumo kuna mstari unaoitwa “Downloads”. Ukiwekwa tiki, folda yako nzima ya vitu ulivyopakua inaondoka, haipitii hata kwenye pipa la taka. Watu wengi huhifadhi humo vyeti vyao, fomu za mkopo, picha za harusi, kila kitu. Hakikisha kisanduku chake ni kitupu.

Ikikwama

Skrini ikisimama kwenye asilimia fulani huku imeandika isizimwe, jambo la kwanza ni kutazama taa ya diski, ile ndogo inayokonyeza pembeni ya kibodi au ubavuni. Ikiwa inakonyeza, kuna kazi inaendelea. Kwenye mashine za zamani nimewahi kusubiri saa tatu kwenye namba ileile, kisha ikaruka mpaka mwisho. Taa ikifa kabisa na saa nyingine mbili zikapita bila dalili, ndipo ushikilie kitufe cha kuwashia mpaka izime, uiwashe tena. Mara nyingi itaandika “Undoing changes made to your computer”. Maneno hayo yanatisha lakini ni habari njema: inarudi ilipokuwa jana.

Kama apdeti inapakuliwa, inashindwa, inaanza tena na kula bando upya, huenda kilichopakuliwa kimeharibika. Jaribu kwanza “Update & Security”, “Troubleshoot”, “Additional troubleshooters”, “Windows Update”. Isipofaa, andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, bofya kulia uchague “Run as administrator”, kisha uandike mstari mmoja mmoja na Enter kila mmoja:

net stop wuauserv
net stop bits

Acha dirisha hilo wazi. Nenda kwenye diski C, folda ya Windows, ndani yake SoftwareDistribution, ndani yake Download. Futa vilivyomo humo ndani. Folda yenyewe iache. Rudi kwenye dirisha jeusi:

net start bits
net start wuauserv

Washa upya, jaribu tena. Hufuti faili lako lolote hapo, ni mabaki ya upakuaji tu.

Apdeti ikishaingia na kitu kikaanza kusumbua, tuseme sauti imepotea, fungua “View update history”, “Uninstall updates”, uondoe ile ya tarehe ya karibuni zaidi.

Usipakue kamwe programu za mtandaoni zinazojinadi kuwa zinazuia apdeti au zinaharakisha kompyuta. Kila nilichokieleza hapa kimo ndani ya Windows yenyewe, bure.

Wengineo wanaojisasisha

Kivinjari kina utaratibu wake, na hicho usikizuie hata siku moja. Ndicho kinachokutana na mitaa yote ya intaneti kwa niaba yako. Programu za Microsoft Store zinatii ile alama ya mtandao wa kipimo. OneDrive, kama huitumii, itoe kwenye zinazojiwasha: “Task Manager”, “Startup”, ichague, “Disable”. Kingavirusi cha Windows kinachukua vifaili vidogo karibu kila siku, kiache kile.

Aliye bado na Windows 7 nimwambie tu kwamba msaada wake uliisha Januari 14, 2020, na Chrome ilimwacha kwenye toleo la 109 mwanzoni mwa 2023. Hakuna apdeti za kupanga hapo. Mashine ya namna hiyo itumie kuandikia bila intaneti, au muombe fundi akuwekee Linux Mint (mfumo mwingine wa bure badala ya Windows), ambayo inataka RAM ya GB 2 tu kuanzia na kwa kawaida haifungi apdeti mpaka wewe ubofye.

Na kama una pesa ya jambo moja tu kwenye laptopu ya zamani, badili diski ya kuzunguka uweke SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi) ya SATA ya inchi 2.5, hata ya GB 240. Muulize fundi kama ya kwako inachukua ya unene wa milimita 7, maana nyingine zina nafasi ya 9.5 na diski nyembamba itacheza ndani bila kifremu cha kuibana.

Mwalimu nilimwandikia tarehe za Jumamosi zake mpaka Desemba kwenye kikaratasi, nikakibandika kwa gundi ndani ya mlango wa kabati lake, siyo kwenye laptopu. Jumamosi iliyopita alinipigia saa tano usiku.

"Mwanangu, imeandika Restart. Niibonyeze?"

"Chaja umechomeka?"

"Nimechomeka."

"Bonyeza mwalimu, ukalale."